Uzi: Kutoka na watoto kuangalia mawe na kutafuta visukuku, Unguja na Pemba

Mchokoa Mawe (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Kila likizo ya skuli ikikaribia huulizwa humu wapi pa kuwapeleka watoto, na majibu huwa Forodhani, Jozani, kuogelea Nungwi, basi. Pazuri pote. Nataka kuongeza jambo ambalo sijaliona likitajwa, na sisi nyumbani ndilo tunalolipenda kupita yote: kwenda kuangalia mawe, na kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale, ndani ya mawe.

Najua likitajwa neno kisukuku mtu anafikiria Olduvai, mafuvu, na dinosaria wa Tendaguru kule Lindi. Lakini anayeishi Unguja anakanyaga visukuku kila siku. Ile ardhi ya mashariki na kusini tunayoiita uwanda au maweni, ukianzia Nungwi ukashuka Matemwe, Michamvi, Paje, Jambiani, Makunduchi mpaka Kizimkazi, ni mwamba wa matumbawe uliokuwa hai chini ya bahari. Bahari iliwahi kuwa juu kuliko ilivyo leo. Wataalamu wanakadiria mita sita hadi tisa juu zaidi katika kile kipindi cha joto cha miaka 125,000 hivi iliyopita, na miamba mingi ya chini ya pwani zetu za Afrika Mashariki inahusishwa na kipindi hicho. Kisha maji yakarudi nyuma, matumbawe yakabaki nchi kavu, mvua ikayafanyia kazi miaka na miaka mpaka yakashikana kuwa jiwe. Ndiyo hayo hayo yanayokata ndara zako ukenda kondeni.

Kwa hiyo hapa kwetu hakuna haja ya kuchimba. Bahari imeshachimba. Pale wimbi linapopiga ukuta wa jiwe limeshaukata mpaka ndani, na ukisimama mbele yake maji yamekupwa unaona kila kiumbe alivyokuwa amekaa.

Sisi tunapapenda Mtende. Kuna kuta za jiwe zimesimama pembeni ya pwani, chini bahari imezila, juu zimejitokeza. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyetuonesha kombe la kwanza la maana. Lilikuwa limekatwa na bahari katikati, magamba yote mawili yamefumbana, midomo yake inakwenda kwa mawimbi, upana shibiri moja na vidole viwili. Ndani, palipokuwa na nyama, pamejaa mchanga uliogeuka jiwe, na ndani ya mchanga huo mna vikonokono vidogo ambavyo bila ya lenzi huvioni. Magamba yangekuwa yameachana, ningemwambia maji yalimsukuma baada ya kufa. Lakini yalikuwa yamefumba. Mtoto akauliza, "Baba, ina maana huyu alifukiwa na mlango wake umefungwa?" Nikamwambia ndiyo, amekufa pale pale alipokuwa akiishi. Alikaa mbele ya lile jiwe mpaka mama yake akamwita kula.

Mkienda, tafuteni kwanza matumbawe yenyewe, kwa sababu ndiyo mengi. Yako yenye mistari inayopindapinda juu ya jiwe zima. Yako yenye vijumba vya pembe tano au sita vilivyopangana. Yako ya matawi, haya mara nyingi yamevunjika na kulala ovyo, na yakilala hivyo ni dalili ya maji yenye nguvu. Kati ya matumbawe ndimo mlimo na makombe, chaza na konokono wa bahari. Mengine gamba limeyeyuka kabisa, limebaki tundu lenye umbo lake.

Vitu vya kubeba: raba za kufunga (si ndara, nasisitiza), kofia, maji mengi, lenzi ya mkono, mswaki mkuukuu wa kusafishia, rula, daftari, penseli, msumari mmoja, na ndimu. Ndimu si ya samaki. Kamulia tone juu ya jiwe halafu inama usikilize. Likiwa jiwe la chokaa, na matumbawe yote ni chokaa, litachemka na kutoa vipovu, kwa sababu asidi ya ndimu inaifukuza hewa ya ukaa iliyofungika ndani ya jiwe. Siki nayo inafaa, ila ndimu iko kila nyumba.

Karibuni, mwenye swali aulize.

Shemeji wa Bara

Mkuu huu uzi ni wa kuhifadhi kabisa. Mimi niko Dar lakini wife ni mtu wa Jang'ombe, Desemba tunavuka. Swali la dogo langu: kwa nini Lindi kuna dinosaria na Zanzibar hakuna? Si ni ukanda ule ule wa pwani?

Mchokoa Mawe

Shemeji, mwambie amepata swali zuri. Jibu ni umri wa mawe yaliyo juu. Mawe ya Tendaguru yana miaka milioni 150 hivi. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, wakabeba mifupa kwa vichwa vya watu mpaka bandarini Lindi, na yule mnyama mkubwa aliyesimama leo kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake unapita mita 13 kwenda juu, ametoka kule. Mawe ya kale zaidi unayoyaona juu ya ardhi ya Unguja na Pemba ni ya enzi za Miosini, yaani baina ya miaka milioni 23 na milioni 5 hivi. Wakati huo dinosaria wamekwisha zamani. Mawe ya umri wao kwetu yako chini sana, yamefunikwa.

Mkipitia Tanga mpelekeni Amboni. Mawe ya yale mapango ni chokaa cha enzi za Jurasiki, enzi hizo hizo za dinosaria, lakini yaliwekwa baharini. Mtoto ataona chokaa cha zamani mno kisha akivuka aone chokaa cha juzi.

Mama Wawili

Waalaykum salaam kaka Mchokoa. Mashaallah umeandika kitu. Mimi nina hofu mbili naomba uniondoe. Kwanza maji. Nimeolewa Makunduchi, naona watu wazima wanaochokoa pweza wanavyokimbizana na maji yakianza kujaa, sembuse watoto wa mjini. Pili mapango. Mengine yana wenyewe, watu wanapeleka ubani na vitambaa, sitaki mwanangu aingie akachezee vitu vya watu.

Mchokoa Mawe

Dada, hofu zako zote mbili ni za haki, na la maji ndilo kubwa, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Nendeni siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja mbili baada yake. Siku hizo tofauti ya maji kupwa na kujaa hapa kwetu inakaribia mita nne, na maji yanatoka mbali, miguu ya kuta yote inabaki wazi. Maji mafu hayafai, utafika utakuta bahari imekaa pale pale. Uzuri wa kwetu ni kwamba bamvua maji hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati mzuri wa watoto. Sisi tunafika saa tatu, maji yangali yakitoka. Yakishageuka tu, tunaanza kurudi upande wa njia ya kupandia, hata kama mtu ameona kitu. Jiwe halitokimbia, lipo tangu enzi na enzi. Bamvua hiyo hiyo inayopwa sana ndiyo inayojaa sana, na kwenye kijipwani kilichozungukwa na mawe maji yanakuzibia njia kabla hayajakufika miguuni.

Muulizeni mtu wa pale. Wanawake wa mwani na wavuvi wanaijua pwani yao kwa saa na dakika, na ukimsalimia vizuri mtu atakuelekeza mwenyewe mahali penye "mawe yenye wadudu".

La pili, usikae chini ya jiwe lililotokeza. Juu ni zito na chini limeliwa, na vipande vinaanguka bila ya kupiga hodi. Angalieni kutoka pembeni, piga picha, ondoka. Vidimbwi msitie mkono bila ya kuona, mna samaki wa sumu anayejifananisha na jiwe. Mtoto akijikwaruza, osha kwa maji safi na sabuni siku hiyo hiyo, kidonda cha matumbawe kina tabia ya kuvimba.

Kuhusu mapango, sisi hatuingii pango lenye mzimu bila ya mwenyeji, na tukiingia hatugusi kitu. Watoto wanaelewa wakielezwa. Mangapwani kunapitika, kuna wa kuwaongoza, na mtoto anaona vizuri namna maji ya mvua yanavyolila jiwe la chokaa kutoka ndani mpaka pakawa ukumbi.

Maweni wa Micheweni

Mchokoa, umetaja Pemba kwenye kichwa cha uzi kisha ukatusahau. Wacha nijazilie.

Pemba ni hadithi nyengine. Upande wetu wa mashariki, Micheweni na kuendelea, ni maweni vile vile, matumbawe matupu, na kina mama wanapasua kokoto hapo kila siku. Lakini magharibi, Mkoani, Chake, Wete, ni vilima na mabonde ya udongo mzito, na chini ya mikarafuu ile kuna mchanga na udongo wa mfinyanzi uliopangana matabaka, wa hiyo hiyo Miosini uliyoitaja. Barabara inapokatwa kwenye kilima unaona: mstari mweupe, mwekundu, wa manjano, kisha kijivu. Mimi huwasimamisha wanangu pale nawaambia wahesabu mistari kutoka chini kwenda juu, wa chini ndio mkubwa kwa umri. Wanabishana kama mpira.

Ukitia ndimu kwenye mchanga ule wa vilimani hauchemki. Ni mchanga wa shondo, punje ngumu zinazong'aa, unakwaruza kioo. Umetoka bara, umeletwa na mito ya zamani. Mchanga wa Paje ukiutia ndimu unachemka wote, kwa sababu ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Mtoto wa miaka sita anaweza kufanya jaribio hilo kwa vikombe viwili na akakwambia nchi mbili zimejengwa kwa vitu tofauti.

Jiolojia wa serikali aliyeitwa Stockley alivipima visiwa hivi miaka ya 1920, ripoti yake ikatoka 1928, na mawe yetu ya Wete na Chake Chake yamo humo kwa majina ya miji hiyo. Kwa hiyo Wete yetu inajulikana na wasomaji wa mawe kabla babu zetu hawajazaliwa.

Na mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Huo wa Unguja na bara ni wa maji mafupi. Zama za barafu, miaka 20,000 hivi nyuma, bahari ilishuka kama mita 120, Unguja ikaungana na bara, mtu angetoka Bagamoyo kwa miguu. Pemba ilibaki kisiwa.

Kijana wa Tunguu

Hapo Maweni amenigusa, kwa sababu ndiyo siri ya pango la Kuumbi kule Jambiani. Profesa Felix Chami alichimba mwaka 2005, na timu nyengine ikarudi 2012. Walitoa mifupa ya punda milia na nyati! Hapa Unguja! Wanyama wale waliingia wakati pameungana na bara, bahari ikapanda, wakabaki kisiwani, kisha wakatoweka. Watu nao walikuwa wakiishi pangoni humo zama hizo za mawe.

Nimelitembelea na wadogo zangu pamoja na mwenyeji wa pale. Ukisimama ndani ukajua nyati wamepita juu ya kichwa chako, mwili unasisimka. Lakini ombi langu kwa wanaosoma: msichimbe pangoni, hata kwa kijiti. Kule mfupa una maana kwa sababu ya tabaka uliyolala ndani yake na kitu kilicho jirani yake. Ukishautoa ukautia mfukoni, umebaki mfupa tu, hauna umri wala hadithi.

Fundi Tindo

Wakuu heshima. Mimi ni fundi wa mawe, nimezaliwa kwenye machimbo. Naona mnazungumza sana kuangalia tu. Watoto wanataka kupasua. Mpe mtoto nyundo na tindo, jiwe likifunguka akaona konokono ndani, hatosahau maisha yake. Mambo yote yako ndani ya jiwe, si nje.

Mchokoa Mawe

Fundi, nakuheshimu na mkono wako naujua, lakini hapa tutofautiane. Nchi nyengine wanakopasua, jiwe lao ni la matabaka membamba, ukiligonga pembeni linafunguka kama kitabu na kisukuku kinabaki kizima juu ya ukurasa. La kwetu halina ukurasa. Gamba na jiwe vimeshikana kuwa kitu kimoja, ukipiga nyundo ufa unapita katikati ya kombe, na kilichokaa miaka 125,000 kinaisha kwa pigo moja. Tena cheche za jiwe machoni mwa mtoto ni jambo la kukimbilia hospitali.

Sisi tunafanya hivi. Yale matundu niliyoyataja, ambayo gamba limeyeyuka likaacha umbo, tunayasafisha kwa mswaki. Tunakanda udongo wa kinamo laini, tunapaka mafuta ya kupikia kidogo, tunausukumia ndani, tunauvuta polepole. Unatoka na konokono mzima: mizunguko yake, vinundu vyake, mpaka mistari ya gamba. Mtoto anarudi nyumbani na konokono wa zamani kiganjani na jiwe limebaki pale pale kwa mtoto wa mwenzake. Ukikauka kivulini siku chache haupasuki.

Fundi Tindo

Hiyo ya kinamo sijawahi kuifikiria, nakubali ni nzuri. Na kwenye ukuta wa pwani sawa, pasipigwe. Lakini vifusi je? Mtu akichimba kisima au msingi kwenye maweni anatoa mawe rundo, yanakwenda kupasuliwa kokoto. Hayo hayaokolewi na mtu. Tulipochimba kisima nilipata tumbawe la mviringo, zima, mita na zaidi kwa upana, limekaa kama lilivyoota, mistari imetoka katikati kwenda pembeni. Lilivunjwa likawa msingi wa banda.

Na tena msiende mbali. Nyumba nyingi kongwe za Mji Mkongwe ni jiwe la matumbawe na chokaa. Chokaa chenyewe ni matumbawe: tunayapanga juu ya magogo ya minazi, tanuu linawaka, jiwe linageuka unga, ukiutia maji unachemka kwa moto wake. Panapobanduka lipu kwenye ukuta wa kale, simama uangalie, utaona tumbawe limekatwa vizuri kuliko pwani. Mvua za masika mkishindwa kwenda popote, zungukeni vichochoro.

Mchokoa Mawe

Fundi, hapo umesema na nimekupokea kwa mikono miwili. Vifusi vya kisima na msingi, kwa ruhusa ya mwenyewe, ni halali ya kila mtoto, na kupasua kufanywe na fundi kama wewe, watoto wakae mbali na miwani machoni. Natamani kila anayechimba kisima kwenye maweni angewaita watoto wa skuli ya jirani nusu saa tu kabla kokoto hazijapasuliwa. Maalim yeyote aliyemo humu alichukue hilo.

Na kwa kuongezea kwenye kuta: Kizimkazi Dimbani, ule msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, maandishi yake ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yamechongwa juu ya tumbawe. Tumbawe la kuchongwa huchukuliwa baharini likiwa bichi na laini, halafu linakuwa gumu likikauka. Waoneshe watoto tofauti ya hilo na jiwe kavu la maweni lililojengea kuta. Bila shaka ni nyumba ya ibada, ingieni kwa adabu yake.

Mvuvi wa Kaskazini

Kwa faida ya uzi: kisukuku kinaweza kuja kwenye mshipi pia. Mwaka 2007 wavuvi wa Nungwi walipata silikanti. Samaki huyo alijulikana kwa visukuku tu, wataalamu wakamhesabu ametoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 nyuma, mpaka alipopatikana mzima Afrika Kusini 1938. Mapezi yake yana shina la nyama ndani yake.

Bi Shangazi Bububu

Wanangu, mimi nina kipande cha sandarusi nilichoachiwa na marehemu bibi, rangi ya asali, ndani yake yumo sisimizi na kitu kingine chenye mbawa. Kijana mmoja ananiambia ni kaharabu, anataka kukinunua. Nikiuze?

Mchokoa Mawe

Shikamoo shangazi. Tafadhali usikiuze, na wala usikichome moto kukijaribu.

Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi uliodondoka ukazikwa ardhini. Karne ya 19 ilikuwa mali kubwa ya bandari yetu. Watu wa Mrima, yaani pwani ya bara, walikuwa wakiichimba msituni, inavushwa kuja Unguja, inaoshwa, na ikishaoshwa juu inatoka vipele vipele vya ngozi ya bata, ndiyo alama ya ile ya kuchimbwa. Wafanyabiashara wa Salem kule Marekani waliipeleka kwao kwa ajili ya vanishi ya samani na magari ya farasi. Kwa hiyo babu zetu walikuwa wachimbaji wa visukuku kabla ya sisi kuandika uzi.

Kaharabu ni utomvu wa mamilioni ya miaka, umekauka ukaisha. Sandarusi ni changa zaidi. Kuvitofautisha, chukua kidole cha pamba, kitie dawa ya kuondolea rangi ya kucha, gusa pembe ndogo isiyoonekana. Sandarusi itanata. Kaharabu haitanata. Kwa maelezo yako nadhani ni sandarusi, na thamani yake kubwa ni kuwa ni ya nyumbani kwako na ina mdudu wa pwani hii ndani yake. Wape wajukuu lenzi wamhesabu miguu. Lakini kiweke mbali na jua, kinapata nyufa.

Shemeji wa Bara

Huku Kigamboni dogo ameokota jiwe linaelea majini. Nilidhani ananitania mpaka nikaliweka kwenye ndoo mwenyewe. Jepesi, kijivu, matundu matundu. Ni tumbawe?

Maweni wa Micheweni

Tia ndimu. Lisipochemka ni jiwe la volkano, hilo hilo la kusugulia visigino. Ni povu la moto lililoganda na hewa ndani. Hapa karibu hakuna mlima wa kulitupa baharini, limesafiri. Krakatau ya Indonesia ililipuka Agosti 1883, na mwaka uliofuata mawe yake ya kuelea yalifika mpaka pwani ya Zanzibar, bahari nzima ya Hindi yamekatiza. La mwanao sisemi ni la Krakatau, volkano za baharini ni nyingi. Lakini aandike tarehe na pwani aliyoliokota.

Shemeji wa Bara

Nimetia. Halijachemka hata kidogo. Dogo halali leo.

Mama Wawili

Nimewapeleka, nimerudi. Mtende, bamvua hii iliyopita, tulikuwa na mabinamu wote. Mkubwa wangu, ambaye simu haimtoki mkononi, alichora matumbawe mawili kwenye daftari mpaka vijumba akavihesabu. Mdogo ameokota kigae cheupe chenye maua ya buluu, kilikuwa mchangani. Nacho tukifanyeje?

Mchokoa Mawe

Alhamdulillah dada, umenifurahisha sana.

Kigae hicho ni mambo ya kale, si kisukuku. Vyombo vya China vilifika pwani hizi karne nyingi, na vipande vyake vinatoka kwenye miji iliyokufa, Ras Mkumbuu Pemba ni mfano. Kirudisheni mlipokiokota, mpige picha na kitu cha kulinganisha ukubwa, na kama mahali pana vigae vingi wapeni habari Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Mifupa iliyogeuka jiwe fanyeni vivyo hivyo, msitoe. Tumbawe hai na kombe lenye mnyama halichukuliwi kabisa. Na mwenye kusafiri nje asitie matumbawe wala makombe kwenye begi, atazuiliwa uwanja wa ndege.

Kinachobaki cha kuweka nyumbani ni vipande vilivyokwisha kuvunjika vinavyosukumwa na maji, vichache, na vile vikonokono vya kinamo. Kila kimoja kipate namba kwa wino na mstari mmoja daftarini: pwani gani, upande gani wa pwani, mwezi wa ngapi, nani aliyekiona. Kipande kisicho na mahali kinaishia kuzuilia mlango.

Kijana wa Tunguu

Kwani tusitoke pamoja? Mimi naweza kuwaeleza watoto habari za Kuumbi.

Fundi Tindo

Mimi naleta kinamo cha Cheju, kimeshapondwa na kuchujwa.

Mchokoa Mawe

Basi tuseme Jumapili ya kwanza itakayoangukia siku za bamvua, Mtende, maji yanapwa saa nne na nusu hivi. Tunatoka Kwerekwe saa moja na nusu asubuhi. Wa daladala wapande ya Makunduchi, tutamwomba mtu mwenye gari awapokee kuingia ndani. Kila familia na maji yake, boflo na chai ya chupa, raba kwa kila mtoto bila ya kisingizio, mtu mzima mmoja kwa watoto watatu. Mwenye nafasi garini aandike hapa chini ni ngapi.

Mama Wawili

Mbili nyuma, na moja mbele kama mtu ni mwembamba.